Amri Iliyorudiwa

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake za shule, Chiriku alikwenda maktaba kuu kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta. Katika chumba kidogo chenye baridi nyuma ya maktaba alitunza seva tatu, yaani kompyuta kubwa zilizohifadhi sauti za wazee wakisimulia maisha yao. Kila sauti ilinakiliwa katika seva zote, ili moja ikiharibika nyingine zisalie nayo.

Shangazi aliziendesha seva hizo kwa kuandika amri, mstari mmoja mmoja, kwenye skrini nyeusi. "Hapa hakuna mzaha," alizoea kusema. "Soma amri yako hadi mwisho, ndipo ubonyeze. Haraka haraka haina baraka."

"Nimesikia, shangazi. Hata ukuta umeshasikia," Chiriku alimjibu, wakacheka.

Jumamosi hiyo shangazi aliingiza sauti ya bibi mkunga, aliyemrekodi jana yake hospitalini akiwa hoi kitandani. Bibi huyo alikuwa nyanya wa rafiki yake Chiriku, msichana aliyekaa naye dawati moja. Sauti iliingia katika seva ya pili tu. Nakala zingefanywa alasiri. Kisha shangazi akaandika amri ya kuiondoa seva ya mwisho kwenye safu ya seva zinazofanya kazi, na kuifuta. Seva ya tatu ilipotoka, akaipeleka chumba cha pili kuibadilisha diski.

Chiriku akabaki peke yake. Alitaka kutazama hali ya seva, kwa amri aliyofundishwa na shangazi, lakini kuiandika upya akaona uvivu. Alijua kwamba kitufe cha mshale wa juu huirudisha amri iliyopita. Akakibonyeza, kisha akabonyeza kitufe cha kuingiza, akidhani iliyorudi ni ile ya kutazama hali. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, naye akakubali bila kusoma.

Amri iliyopita ilikuwa ile ile ya kuondoa seva ya mwisho na kuifuta. Na sasa ya mwisho ilikuwa seva ya pili.

Moyo ulimlipuka. Akaandika haraka amri ya kuirudisha. Seva ikarudi tupu, ikaanza kunakili yaliyomo katika seva ya kwanza, na taa zote zikawa za kijani. Akajiambia yamekwisha.

Adhuhuri shangazi akarudi na seva ya tatu, akachukua kinasa sauti mezani. "Ngoja nikifute, keshokutwa nina mzee mwingine wa kurekodi. Ya bibi si imeshaingia?"

Chiriku alikikodolea macho kinasa. Alijua kwamba sauti ile sasa imebaki ndani ya kinasa hicho tu. Shangazi akabonyeza, ikafutika.

"Chiriku, leo umemeza nini? Mbona kimya?"

"Tumbo tu, shangazi."

Jumapili bibi mkunga akafariki dunia.

Siku moja baada ya mazishi, rafiki yake alikuja maktaba na mama yake, macho yamemvimba. "Mama anasema bibi alisimulia siku niliyozaliwa," alimwambia shangazi. "Naomba nimsikie."

Shangazi alitafuta katika seva ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu. Akavua miwani. "Nisameheni. Haipo. Nadhani ni mimi niliyekosea."

Kumwona shangazi akijilaumu kulimuuma Chiriku kuliko fimbo. "Si yeye," alisema huku akilia. "Ni mimi." Akaeleza yote, mpaka ule uongo wa tumbo.

Rafiki yake hakupiga kelele. "Ulikuwepo alipofuta kinasa?"

"Nilikuwepo."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Msichana yule akageukia ukutani. Shangazi akamketisha, akamsimulia aliyoyakumbuka. "Alisema ulizaliwa mvua ikinyesha, na hukulia. Akakupigapiga mgongoni huku akikuimbia mpaka ukalia."

"Aliniimbia wimbo gani?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nilidhani nitausikia tena."

Mama yake alimshika begani, wakaondoka taratibu.

Shangazi alivaa tena miwani. Kisha akaandika kwenye karatasi, akaibandika mlangoni: kuanzia siku hiyo, amri yoyote ya kufuta itasomwa kwa sauti na watu wawili. Chiriku aliendelea kulia.

"Sikiliza, mwanangu," shangazi alimwambia. "Kidole chako kilikosea kwa nukta moja, na kosa hilo lilikuwa na dawa. Dawa yenyewe ilikuwa pale mezani mpaka adhuhuri. Kilichoipoteza sauti ya bibi ni kunyamaza kwako. Yule mkunga mwenyewe angekuambia, mficha uchi hazai. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka."

"Atanisamehe?"

"Sijui. Usimharakishe. Kesho nenda ukakae naye msibani, na lolote atakalokuuliza, mwambie kweli."