Usibonyeze Ndiyo

Duka la fundi kompyuta lilikuwa limefurika watu hadi mlangoni. Mshonaji alikuwa amebanwa kwenye kaunta, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe, akingoja fundi akijaze nyimbo kicheza muziki chake, aliposikia nyuma yake sauti aliyoapa kutoisikia tena.

"Fundi, usibonyeze! Tafadhali!"

Akageuka. Alikuwa yeye, mpenzi wake mpiga picha, kamera begani, shati limelowa jasho. Hata kukonda hakukonda, na hilo lilimuudhi zaidi.

Mwezi uliopita mwanamume huyu alichomeka kicheza muziki hicho hicho cha mshonaji kwenye kompyuta yake, eti amshtukize kwa nyimbo za mapenzi. Kompyuta ikauliza: kifaa hiki kimeunganishwa na kompyuta nyingine, nifute vyote vilivyomo? Kwa haraka zake akabonyeza Ndiyo. Zikaingia nyimbo mbili tatu, ikatoweka sauti ya marehemu mama yake mshonaji, iliyorekodiwa wakishona pamoja. Hakuwa na nyingine.

"Simu hupokei, ujumbe husomi, hadi jirani yako ndiye kanielekeza hapa," mpiga picha alilalamika.

"Nisome nini? Ulisema mwenyewe nikivaa visikilizio vya masikioni nakusahau. Ukaamua kumfuta mama yangu!"

"Nilikutania, mpenzi."

"Basi utani wako umenizikia mama mara ya pili."

Mpiga picha akajipenyeza hadi kaunta.

"Niliwahi kufuta picha za harusi ya watu, zikapatikana. Kilichofutwa huwa bado kimo, mradi usiweke kitu kingine juu yake. Ndicho nilichokuwa nakupigia simu kukwambia. Fundi akikijaza nyimbo sasa hivi, basi tena."

Mshonaji alimgeukia fundi, ambaye kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya kitufe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, dada. Ila siahidi kitu."

"Jaribu." Kisha, bila kumtazama mpiga picha: "Na wewe toka nje. Sitaki uwepo nikimkosa."

Akatoka, akasimama kizingitini.

Fundi akaanza kutafuta. "Faili hii haifunguki. Hii nayo imeharibika." Mshonaji alisokota pindo la gauni lake hadi uzi ukakatika. Alijuta kuja. Alijuta pia zile simu alizozikata.

"Imebaki moja," fundi akasema, akafungua spika.

Pakawa na mkwaruzo, kisha cherehani ikanguruma, kisha ikanyamaza. Mama akacheka, kicheko chake kile kile cha puani.

"Wewe mtoto, hebu mwambie huyo kijana wako na kamera yake aingie. Kasimama mlangoni kama mlinzi, chakula kinapoa!"

Watu wote wakageuka kutazama mlangoni. Mpiga picha alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

Mshonaji akajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Umemsikia mama," akasema. "Ingia basi."