Morani wa Darasa la Saba

Kila asubuhi Mwalimu Germana aliingia darasa la saba, akaweka chaki mezani na kusema, "Hamjambo watoto?" Darasa zima liliitikia kwa sauti moja, "Hatujambo! Shikamoo mwalimu!" Darasa zima isipokuwa Lekoko. Yeye alisimama wima kama wenzake, lakini mdomo aliufunga.

Alikuwa hivyo tangu shule ilipofunguliwa Januari. Likizo ya Desemba alikwenda kwao Endulen, huko Ngorongoro, akatahiriwa. Hakulia wala hakupepesa jicho, na wazee walimsifu. Aliondoka Karatu akiwa layoni, yaani mvulana asiyetahiriwa, akarudi akiwa morani. Sasa aje mtu amwite mtoto? Thubutu! Wenzake walipomwita "dogo" uwanjani, aliacha mpira akaenda kukaa pembeni.

Karatu aliishi na shangazi yake, Nashipai, aliyeuza chai kwenye kibanda karibu na stendi. Shangazi alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Morani gani huyu ambaye kila siku nampigia kelele anawe miguu kabla ya kulala?" Lekoko hakuona cha kuchekesha.

Jumamosi moja shangazi alidamka kwenda Baray kununua vitunguu, akamwachia Lekoko kibanda. Saa tatu akaingia dereva wa magari ya watalii, jina lake Clemensi. Akaweka darubini yake mezani na kuagiza chai. Simu ikaita, akatoka nje kuongea.

Lekoko aliitazama ile darubini. Akamkumbuka baba yake, mzee Metui, ambaye macho yalikuwa yamemharibikia. Likizoni alimwona akisimama mbele ya boma, mkono juu ya paji la uso, akiuliza watu ng'ombe wake wako upande gani. Kwa mfugaji, kuuliza hivyo ni aibu inayouma. Lekoko alijua kabisa kwamba kitu kile si chake. Alikichukua hivyo hivyo, akakifunika kwa kitambaa cha kufutia meza, akakimbilia stendi kumpa kondakta wa gari la Endulen akifikishe kwa baba.

Hakufika mbali. Clemensi alimkuta mlangoni mwa gari, kamba ya darubini ikining'inia nje ya kitambaa.

"Dogo, hiyo ni nini?"

"Mimi si dogo."

"Haya, mzee. Hiyo ni nini?"

Watu wakaanza kujaa, na mmoja akapaza sauti akitaka mwizi achapwe hapo hapo. Clemensi hakupenda fujo. Alimshika Lekoko mkono, akampeleka kituo cha polisi.

Kituoni walipokewa na Koplo Dorkasi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimsikiliza Clemensi, kisha akafungua daftari. "Haya mwanangu, unaitwa nani?"

"Lekoko Metui."

"Una miaka mingapi?"

Hapo ndipo alipoharibu. Lile neno "mwanangu" lilimchoma. Urefu alikuwa nao, na sauti ilishaanza kuwa nzito. Akatanua kifua. "Mimi si mtoto, afande. Mimi ni morani. Nina miaka kumi na nane."

Koplo Dorkasi aliweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi sikiliza vizuri. Mtu wa miaka kumi na nane ni mtu mzima mbele ya sheria. Mlango wa watu wazima ni ule pale."

Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wa vyuma. Nyuma ya vyuma wanaume kama sita walikuwa wamesimama wakimtazama. "Mlete morani wetu huyo!" mmoja alisema. "Umekuja na sigara, kijana?" Wengine wakaangua kicheko.

Lekoko aliogopa, tena sana. Kisu cha kutahiriwa hakikumtisha hivi. Hata hivyo hakufuta kauli yake. Angesemaje mbele ya wanaume wale kwamba yeye ni mtoto? Na habari ikifika Endulen, rika lake litamwonaje?

"Sijaridhika na huo umri," alisema Koplo Dorkasi. "Kaa kwenye benchi hapa mbele yangu. Namwita afisa ustawi wa jamii. Akija, na wewe ukiwa bado unasema kumi na nane, tutaanza kukushughulikia kama mtu mzima."

Bi Antonia Qamara alifika saa sita akiwa na tope kwenye viatu, kwa maana alikuwa Buger akitembelea familia moja. Hakuuliza habari za darubini wala za umri. Aliuliza kama Lekoko amekula, akaagiza chapati mbili, akakaa naye kwenye benchi. Kisha akamsalimu kwa Kimaasai cha Mwiraqw, mtu wa kabila jingine, aliyejifunzia sokoni, kibovu kiasi kwamba Lekoko nusura acheke.

"Kwenu wazee wanaitaja miaka kwa matukio, sivyo?" alisema Bi Antonia. "Wewe ulizaliwa mwaka wa tukio gani?"

Hadithi hiyo Lekoko aliipenda. "Mwaka wa ule ukame mkubwa! Baba alikuwa na ng'ombe sitini, wakabaki wanne tu. Mvua iliponyesha, mimi nikazaliwa."

Bi Antonia aliandika mwaka huo kwenye karatasi. Juu yake akaandika mwaka wa sasa, akapiga mstari chini, akampa kalamu. "Uko darasa la saba. Toa."

Lekoko alitoa. Jibu lilikuwa kumi na nne.

Aliitazama karatasi kwa muda. "Lakini nimetahiriwa," alinong'ona.

"Najua, na hakuna atakayekunyang'anya heshima hiyo. Nyumbani wewe ni morani. Ila kwa sheria ya nchi, kila aliye chini ya miaka kumi na nane ni mtoto, hata awe mrefu kama nguzo ya umeme. Hapa hilo si tusi, Lekoko. Neno hilo ndilo linalokuzuia usifungiwe na wale watu wazima. Ndilo linalotaka mzazi au mlezi wako awepo kabla hujaandikwa maelezo. Wewe unalitupa kama ganda la ndizi!"

"Nenda ukamwambie afande," Lekoko alimwomba.

"Mimi sikudanganya. Nenda wewe."

Kutoka kwenye benchi hadi kwenye kaunta zilikuwa hatua tano. Wale wanaume walikuwa wamenyamaza, wakisikiliza. Lekoko aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. "Afande," alisema, "nilidanganya. Nina miaka kumi na nne. Mimi ni... mimi ni mtoto."

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Yule wa sigara ndiye aliyesema, taratibu, "Afadhali, dogo. Kaa huko huko."

Koplo Dorkasi hakuuliza kingine mpaka Shangazi Nashipai aliporudi kutoka Baray na kukimbilia kituoni, bado ananuka vitunguu. Mbele yake Lekoko alieleza yote, hakuficha kitu. Shangazi alitia saini ya dhamana, wakaondoka. Njia nzima hakumtania hata mara moja, na hilo lilimuuma Lekoko kuliko maneno makali.

Wiki mbili zilizofuata Bi Antonia alizunguka. Alikwenda shuleni kuongea na Mwalimu Germana, akapanda gari hadi Endulen kuongea na wazazi, kisha akaandika ripoti kwa ajili ya mahakama.

Lekoko alitegemea ukumbi uliojaa watu. Alikuta Mahakama ya Watoto imekaa kwenye chumba kidogo, mlango umefungwa, hakuna watazamaji. Hakimu, mama mwenye miwani, hakuvaa joho, na Koplo Dorkasi alikuja na gauni la kawaida. Clemensi alikuwepo. Mzee Metui naye alikuwepo, na mkalimani wa Kimaasai pembeni yake. Kwenye begi lake la ngozi mzee alitoa kadi ya kliniki ya Lekoko iliyokunjwa mara nne, ikaonyesha tarehe ya kuzaliwa.

"Lekoko, ulichukua darubini ya huyu bwana?" hakimu aliuliza.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Nilichukua. Nilitaka baba aone ng'ombe wake."

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, mzee Metui akasema, "Mwanangu, ungeniuliza. Macho yangu yana ugonjwa. Hata ungeniletea darubini kumi nisingeona. Huyu mama wa ustawi amenipeleka kwa daktari, nitafanyiwa matibabu. Ng'ombe nitawaona. Wewe ndiye niliyekuwa na hofu ya kutokuona tena."

Lekoko akalia. Hakuzuia machozi wala hakujali nani anamtazama.

Hakimu alisoma ripoti, akamuuliza Clemensi kama ana la kusema. "Darubini imerudi nzima," Clemensi alijibu. "Nataka aniombe radhi tu, na asirudie." Lekoko alisimama akamwomba radhi, wakashikana mikono. Kisha hakimu akatoa amri: Lekoko hatapelekwa shule ya maadilisho, wanakopelekwa watoto waliovunja sheria, bali ataendelea na masomo yake. Ila kwa miezi sita atakuwa chini ya uangalizi wa Bi Antonia, na kila Jumamosi ataripoti kwake.

"Ulifanya makosa mawili," hakimu alimwambia. "Ulichukua kisicho chako, na hilo umelikiri. La pili lingekugharimu zaidi. Sheria ilikuwekea ulinzi, wewe ukaukataa kwa uongo, eti usionekane mdogo. Ukubwa si kujiongezea miaka. Siku uliyokwenda kwenye ile kaunta ukasema kweli huku watu wanakusikia, siku hiyo ndiyo ulionyesha ukubwa. Shika hilo."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Kesho yake Mwalimu Germana aliingia darasani, akaweka chaki mezani. Alimtazama Lekoko, akasita kidogo. "Hamjambo... wanafunzi?"

Kabla wenzake hawajaitikia, Lekoko alinyoosha mkono. "Mwalimu, wewe sema tu watoto. Mimi bado nina miaka kumi na nne."

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka nao.

"Haya, mtoto," alisema Mwalimu Germana. "Kaa chini, toa daftari la hisabati."