Iache Imalize

Jumamosi ile Anahí Techera alimaliza kupaka rangi jiko la Bi Ilda saa nane mchana, akashuka ngazi akiwa na madoa meupe mpaka kwenye kope. Alikuwa na shahada ya fasihi kutoka Montevideo, mji mkuu. Mama yake aliitundika shahada hiyo ukumbini, pembeni ya kalenda ya bucha, na iliyotazamwa zaidi ilikuwa kalenda. Tangu arudi nyumbani Melo miaka miwili iliyopita, kazi pekee aliyoipata msomi huyu ni kuta za watu.

Hakutaka malipo mengine. Alitaka ile amplifaya iliyofunikwa kwa kitambaa cha meza, chini ya picha ya marehemu Aparicio, mume wa Bi Ilda.

Hapakuwa na mtu mjini asiyeijua sauti ya Aparicio. Miaka thelathini na moja alisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya mji, kila siku wakati wa chakula cha mchana, na alikuwa na mpangilio wake: kwanza waliofiwa, kisha marehemu, mwisho saa ya mazishi. Watu walikaa mezani, kijiko hewani, wakingoja kujua leo ni nani. Redio ilipofungwa, mzee alikusanya vyuma na balbu za kioo za ule mtambo wa kurushia matangazo, akajiundia amplifaya ya kupigia gita. Hakuishi sana baada ya hapo.

“Chukua, binti,” alisema Bi Ilda. “Ila ikisema, iache imalize.”

“Ikisema nini, bibi?”

“Aparicio hakuwahi kukatisha tangazo. Siku moja umeme ulikatika katikati, akatoka barabarani na karatasi yake, akalimalizia kwa mdomo huku mvua inamnyeshea. Alikuwa akisema tangazo likishaanza linatafuta mtu. Lazima mdomo ulimalizie, la sivyo linabaki linazunguka.”

Anahí alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye mali imeshamfika mkononi.

“Hili jeneza lina spika,” alisema kaka yake, Yamandú, alipoliona likishushwa kwenye banda la gari walikofanyia mazoezi. Yamandú alibeba magunia kwenye kinu cha mchele kutwa, na jioni alipiga dramu. Bendi yao, Siesta Mbaya, ilikuwa wao wawili tu. Kila wimbo aliuanza kwa kugonganisha fimbo zake mara nne, na kila mara ule mgongano wa tatu ulichelewa kidogo. Anahí alikuwa akimgombeza kwa ajili ya huo wa tatu tangu utotoni.

Alimsimulia kaka yake maneno ya Bi Ilda, akiiga na sauti yake. Wakacheka. Kisha, katikati ya nyimbo mbili, amplifaya ikasema.

“Mke wake, Etelvina. Wanawe, Wilson na Mirta. Wanatangaza kifo cha Saturnino Acosta. Mazishi kesho, saa kumi jioni.”

Walitazamana, wakacheka tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Waya mbovu hushika redio. Hakuna mpiga gita wa Melo ambaye mhubiri wa Kibrazili kutoka ng'ambo ya mpaka hajamwingilia katikati ya wimbo.

“Lakini redio yenyewe si ilifungwa?” aliuliza Yamandú.

“Kuna mtu ana kanda za zamani, anazirusha kutoka sebuleni. Bo, kaka, mji huu nani ana kazi ya kufanya?”

Jioni walimuuliza mama yao kuhusu Saturnino Acosta. Gladys aliwaza huku anakanda unga. “Alizikwa nikiwa na mimba yako, Yamandú.”

Basi wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa bendi angefanya. Wimbo wao mpya wakautoboa tundu katikati: mizunguko minne ya kimya, gita limenyamaza, dramu imenyamaza, amplifaya iko wazi. Ikisema, sawa. Isiposema, sawa vilevile.

Shoo zilifanyika Jumapili saa kumi na mbili jioni, kwenye klabu ya wafanyakazi wa reli, katika mji ambao reli yake imeota majani. Jumapili ya kwanza walikuja watu thelathini, ishirini kati yao ni wanamuziki wa bendi nyingine, waliokuja kuhakikisha kwamba hakuna anayewazidi. Hao walizoea kupiga gumzo mwanzo hadi mwisho. Kilipofika kile kimya, wakanyamaza wote. Amplifaya ikamsoma fundi cherehani aliyekufa zamani.

Hakuna aliyepiga makofi mpaka wimbo ulipoisha. Kisha walipiga kama wendawazimu.

Jumapili iliyofuata walikuja themanini. Simu juu, zinarekodi. Nani leo? Safari hii lilikuwa jina la mwalimu aliyezikwa mwaka uliopita, baada ya Aparicio mwenyewe, na mtu mmoja nyuma alipiga ukelele. Klipu ikasambaa. Katikati ya wiki mwandaaji wa tamasha kubwa la Montevideo akapiga simu: atakuja kuwaona. Akipenda, jukwaa ni lao.

Anahí alikata simu, akaketi sakafuni. Montevideo, na si kwa kubembeleza ajira. Kupanda jukwaani. Kutopaka tena ukuta wa mtu maisha yake yote.

Jumapili ya tatu sauti ilisema, “Mpwa wake, Rosendo, anatangaza kifo cha Ilda Correa, mjane wa Aparicio. Mazishi Jumanne, saa kumi jioni.”

Kwenye jina hilo sauti ilikwama kidogo. Kama mtu anayemeza.

Watu walipiga miluzi. Anahí, alipokuwa anarudi nyumbani, alipita kwa Bi Ilda. Bibi alikuwa dirishani, mzima, akampungia mkono.

Asubuhi alikutwa kitandani amekwisha poa. Alizikwa Jumanne. Saa kumi jioni.

Walipotoka makaburini Yamandú alisema kwa sauti ya chini, “Wimbo ule tunauacha.”

“Jumapili anakuja mtu wa tamasha. Anakuja kwa ajili ya wimbo ule, haji kuona macho yako.”

“Na jina je?”

“Jina gani?”

“La Jumapili.”

Anahí alitazama viatu vyake. “Melo ina watu elfu hamsini, kaka.”

Yamandú alipiga Jumapili kwa sababu dada yake alipiga.

Klabu ilijaa mpaka madirishani. Mwandaaji alisimama karibu na baa, mikono kifuani. Yamandú aligonga fimbo: moja, mbili, tatu iliyochelewa, nne. Wimbo ukaenda vizuri kuliko siku zote. Kisha kimya.

Balbu ziliwaka rangi ya chungwa. Mtu alikohoa.

“Mama yake,” sauti ilisema, “Gladys Silvera.”

Gladys Silvera alikuwa na watoto wawili tu.

Anahí alivuta waya. Plagi ikaruka kutoka kwenye soketi, ikampiga kifundoni. Balbu zikazima. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. “Otra! Otra!” walipaza sauti, wakidai mwingine, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Mwandaaji alikuja mbele akicheka. “Hapo ulipokata! Hapo hapo! Mnatoka na basi la Jumatano.”

Anahí alimtazama kaka yake. Yamandú alikuwa ameshika fimbo kifuani, kama mtu anayesikia baridi.

Usiku huo waliiwasha nyumbani. Ilinguruma tu.

“Iache imalize,” alinong'ona Yamandú.

“Ikimaliza itataja mtu.”

“Mtu alishatajwa, mdogo wangu. Sisi tu ndio hatujui.”

Anahí akaizima.

Jumatatu mvua ilinyesha, na Gladys alikaanga maandazi bapa ya siku za mvua. “Mbona mnanitazama kama mgonjwa?” aliuliza. “Kuleni, na wewe Yamandú usiyamalize.”

Mchana msichana mmoja wa klabu alimtumia Yamandú klipu. Aliandika: mmesikia chini ya makofi? Yamandú akatoka uani, akaweka spika za masikioni. Anahí alimwona kupitia dirisha. Alimwona akisikiliza. Alimwona akirudia. Kisha akakaa chini, kwenye ndoo iliyogeuzwa, mvuani.

Aliporudi ndani alikuwa ameifuta.

“Makofi tu,” alisema. “Hamna kitu.”

Akachemsha maji, akamtengenezea dada yake kibuyu cha yerba, ile chai chungu ya kwao, akatia sukari. Sukari! Kitu alichomcheka miaka yote, eti kinywaji cha watoto. Jioni alimbadilishia nyuzi za gita. Alimwuliza kama anasikia baridi. Alimwuliza mara tatu.

Anahí alielewa. Mtu anayejua kwamba anakwenda huwa mpole namna hiyo. Ni yeye, aliwaza. Jina ni lake. Usiku kucha alikaa mlangoni kwa kaka yake akihesabu pumzi zake, na kila alipotaka kusinzia alikumbuka: watu elfu hamsini.

Jumanne alasiri Yamandú alisema anatoka kidogo. Akamkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana.

Anahí alimpigia yule msichana. “Nitumie klipu.”

Makofi. “Otra! Otra!” Akaongeza sauti mpaka mwisho. Na chini kabisa, wakati waya ulikuwa tayari sakafuni, yule mzee anaendelea bila haraka.

“Kaka yake, Yamandú Techera. Wanatangaza kifo cha...”

Klipu ikaisha.

Kaka yake. Alikuwa miongoni mwa waliofiwa.

Sukari ile. Nyuzi zile. Hakuwa mpole kwa sababu anakufa yeye; anayekufa ni dada yake.

Anahí alikimbilia bandani. Mahali pa amplifaya palikuwa pasafi, pa mraba, katikati ya vumbi. Alikimbia mitaa sita mvuani, bila viatu.

Nelson, mlinzi wa klabu, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

“Aliniomba nimfungulie ajaribu vyombo,” alisema. “Akaiwasha, ikanguruma tu. Akavuta maiki. Akasoma kama alivyosoma yule marehemu, taratibu. Mama yake, Gladys Silvera. Dada yake, Anahí Techera. Wanatangaza kifo cha Yamandú Techera. Mazishi Jumatano, saa kumi jioni.” Nelson aliigeuza kofia mkononi. “Nikamwambia, bo, mzaha gani huo. Hakunijibu.”

Alikuwa kwenye kiti chake cha dramu, kichwa kimeinama, fimbo mapajani. Maiki ilikuwa bado wazi. Amplifaya ilikuwa ya moto. Yeye alikuwa wa baridi.

Walimzika Jumatano. Saa kumi jioni, kwa sababu hapakuwa na nafasi saa nyingine.

Basi la Montevideo liliondoka bila mtu. Mwandaaji alipiga simu kutoa pole, na kuuliza kama wimbo unaweza kupigwa na mtu mmoja. Anahí alimtukana mpaka mama yake akamnyang'anya simu.

Siku kadhaa baadaye aliifungua tena ile klipu. Alitaka kuisikia kwa mara ya mwisho, kisha aifute. Makofi. “Otra! Otra!” Na chini yake: “Dada yake, Anahí Techera.”

Akawaomba wengine klipu zao. Kumi na saba alizipata. Zote zilisema dada. Hakuna aliyewahi kusikia kaka, na msichana yule aliapa hivyo kwa uhai wa mama yake.

Amplifaya ilirudishwa bandani, na ingali huko. Anahí aliikata waya kwa koleo, akang'oa balbu zote, akazifukia uani. Gita hajaligusa, isipokuwa mara moja, mchana, mama yake alipokwenda sokoni. Aliketi bandani, akalishika tu. Halikuwa limechomekwa popote. Aliweka vidole kwenye nyuzi alizofungiwa na kaka yake, akanyamaza.

Ndani ya lile sanduku tupu la amplifaya fimbo ziligongana. Moja. Mbili.

Akangoja.

Ya tatu ilichelewa kidogo.