Zamu ya Khisa

Siku hiyo nilitumwa Thika kupeleka waya. Waya tu. Wa futi tatu, wa mashine ya alama za vidole, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umetafunwa na panya, na sisi wahitimu ndio hutumwa vitu vya aina hiyo. Ilikuwa Alhamisi, na nilifika saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa na hasira, maana nilishapanga kufika nyumbani mapema nifue nguo.

Ningejua, ningewaachia panya wao.

Naitwa Warigia. Nilisomea mambo ya kompyuta pale Juja, nikabahatika kuingia programu ya wahitimu katika kampuni fulani ya ushauri wa teknolojia huko Ruiru. Tulikuwa kumi na wawili. Kwa miaka miwili unazungushwa kwa wateja, unavaa kitambulisho shingoni, na watu wa umri wa baba yako wanakuita mshauri ilhali hujui hata choo chao kiko wapi. Kila mmoja wetu alipewa mwenzake wa kufanya naye kazi. Wangu alikuwa Khisa.

Khisa wa Makongeni, alikokaa na mama yake. Mrefu, mpole, kifua kibovu. Alikuwa na pumu, akitembea na pampu mfukoni, na alikuwa ananuka mafuta ya mkaratusi hata kwenye mikutano ya maana. Aliandika programu safi kutushinda sote na hakuwa na maringo. Nilimpenda. Sikumwambia. Nilikuwa nangoja aanze yeye, na nadhani na yeye alikuwa ananingoja mimi. Ujinga mtupu.

Februari, Ijumaa moja, ilikuwa zamu yangu kubaki ofisini kuangalia mitambo ya mteja mpaka asubuhi. Nikampigia Khisa simu. Nikamwambia naumwa na tumbo, anishikie. Aki sikuwa naumwa. Binamu yangu alikuwa na sherehe Juja na nilikuwa nimeshasukwa nywele. Mgonjwa alikuwa ni yeye, nilimsikia akikohoa. Lakini akasema, "Lala, Warigia. Nitashika mimi."

Askari wa jengo ndiye alimpata asubuhi. Pampu ilikuwa mkononi, imeisha dawa.

Lile la tumbo sikumwambia mtu. Kwenye mazishi, kule Kimilili kwao, mama yake alinikumbatia akanishukuru kwa kuwa rafiki mzuri wa mtoto wake. Nilisimama pale nikikumbatiwa, na sikufungua mdomo.

Miezi miwili baadaye nikapelekwa kwenye kiwanda cha biskuti hapo Thika. Wafanyakazi mia mbili na kitu. Tangu zamani walikuwa wakigonga kadi za karatasi kwenye saa ya ukutani, kuingia na kutoka. Kazi yetu ilikuwa kuwawekea mashine ya vidole. Unabonyeza kidole, mashine inasema "Asante" kwa sauti ya mwanamke, na jina lako linawaka kijani. Kabla ya kuandikisha watu wa kweli, unajaza watu wa uongo ili ujaribu mambo. Kila mhitimu anajua hivyo. Unaandika Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, halafu unawafuta wote kabla ya kumkabidhi mteja.

Mimi niliandika Khisa. Majina yake yote, tarehe yake ya kuzaliwa, idara ya kufunga biskuti, zamu ya usiku. Nikamwekea kidole gumba changu cha kushoto, na wengine nilipowafuta, yeye nilimwacha. Kila nikienda Thika, kabla sijaondoka, nilikuwa nabonyeza.

"Asante."

Jina lake linawaka. Naliangalia mpaka lizime. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu, na mwenye kunicheka anicheke.

Basi Alhamisi hiyo nikafika na waya wangu. Chumba cha mashine kiko kando ya geti, na harufu ya sukari inayoungua imejaa mpaka kwenye kuta. Nilimkuta Maggie amesimama mlangoni na karatasi. Maggie ni msimamizi wa zamu ya usiku, mama wa miaka hamsini hivi, mwenye mdomo, na tangu siku ya kwanza alikuwa ananitania ati nitaolewa na laptop.

Leo hakunitania.

"Kairitu," akaniita, yaani msichana kwa Kikuyu, "huyu mtu wenu mmeniletea ni nani?"

"Mtu gani, Anti?"

"Huyu Khisa. Ripoti inasema amekuja siku tisa. Mimi sijamwona hata siku moja." Akaangalia nyuma yake, kisha akapunguza sauti. "Lakini meza ya mwisho, ile haina mtu... asubuhi tunakuta imefunga maboksi."

Nikacheka kidogo, kicheko cha ofisini. Nikamwambia hayo ni majaribio tu, ni kidole changu. Nikachukua karatasi.

Kuingia, saa kumi na mbili na dakika mbili jioni. Kutoka, saa kumi na mbili asubuhi. Siku tisa mfululizo. Mimi nilikuwa nimekuja Thika mara tatu tu kwa hizo siku tisa. Na siku moja kati ya hizo tisa ilikuwa Jumapili, kiwanda kimefungwa, na mimi niko Ruiru kwa bafu na beseni la nguo.

"Yuko hai?" Maggie akauliza.

Nikatikisa kichwa.

Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa. Akaniambia kwamba pale kiwandani mtu akifa, wenzake huchukua kadi yake wakamgongea mara ya mwisho. Kutoka. Halafu kadi inawekwa naye kwenye jeneza. Ilikuwa hivyo hata kabla yeye hajaajiriwa, na mwenye kiwanda mwenyewe huwa anauliza kama imefanywa.

"Hatuachi jina la maiti kwenye zamu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ataitika."

Simu yangu ikalia. Karibu niirushe.

Alikuwa Mama Khisa. Huwa tunaongea Jumapili, kusalimiana tu. Sio Alhamisi.

"Warigia, mtoto wangu, uko kazini?"

"Niko, Mama. Habari ya jioni?"

"Nataka uniambie ukweli." Alikuwa ananong'ona, na ninavyomjua huyo mama, sauti yake husikika mpaka kwa jirani. "Hii kazi mmempa Khisa ni kazi gani?"

Nikaisogeza simu karibu na sikio.

"Anaingia asubuhi, jua halijatoka. Simwoni sawasawa. Nasikia mlango, anakaa pale kwa kiti chake. Nasikia kile kifua chake. Pakikucha hayupo, nakuta unga tu hapo chini, mweupe. Amechoka, Warigia. Amechoka sana. Hebu ongea na mkubwa wenu ampunguzie."

Nikamwambia sawa, Mama. Nitaongea naye. Nikakata simu. Nilielewa vizuri kabisa. Yule kijana alikufa akinishikia zamu yangu, na mimi nimemfufua nikamwandika nyingine. Ilibidi nimtoe. Hiyo jioni, saa hiyo.

Nikachomeka ule waya, nikafungua laptop. Mtandao wa hapo ni wa kusukuma. Wafanyakazi wa usiku wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakibonyeza vidole. Asante. Asante. Asante. Mimi nimeinama tu, nangoja ukurasa ufunguke. Watu wakaisha. Maggie akabonyeza cha mwisho, akasimama mlangoni ananiangalia.

Ukurasa ukafunguka. Nikalitafuta jina.

"Asante."

Hakukuwa na mtu kwa mashine.

Kioo kikawaka kijani. Jina lake lote. Saa kumi na mbili na dakika mbili.

Kisha ikaja harufu. Sukari ilipotea, yote, ikaja mkaratusi... ile ya mikutano. Na chini ya mngurumo wa mitambo nikasikia mtu akivuta pumzi. Inaingia kwa shida, inapiga mluzi. Inatoka. Inaingia.

Nikabonyeza kufuta. Mfumo ukakataa. Ukaandika kwamba mfanyakazi huyu yuko zamuni, na hawezi kuondolewa mpaka atoke.

"Ngoja," Maggie akasema kutoka mlangoni. Hakutaka kuingia. "Ngoja asubuhi. Saa kumi na mbili atatoka mwenyewe, ndipo umwondoe. Usimtoe mtu akiwa kazini."

Masaa kumi na mawili. Ningekaa. Ningekaa naye hata, mimi na yeye kwa kile chumba, tumalize zamu pamoja kama zamani. Hilo nalifikiria kila siku. Lakini ile pumzi ilikuwa inasogea. Ilipita meza. Ilifika kwa bega langu la kushoto, na kidole gumba changu kikafa ganzi.

"Khisa," nikanong'ona. "Nisamehe. Sikuwa naumwa."

Ikanyamaza kidogo. Halafu, sikioni kabisa...

"Lala, Warigia. Nitashika mimi."

Hakuwa amekasirika. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Angenitukana ningevumilia.

Kuna njia ya kumfuta mtu mfumo ukikataa. Unauzunguka, unaingia moja kwa moja kwenye data kwa chini, unamng'oa jina. Tulikatazwa wiki ya kwanza ya mafunzo. Kuna mambo yanabaki yakining'inia, walituambia, na hujui yatashika nini. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuona vizuri nilichokuwa naandika. Nikaandika. Nikabonyeza.

Pumzi ilikatika katikati. Alikuwa amevuta ndani, hajatoa.

Harufu ya sukari ikarudi. Maggie alikuwa bado mlangoni, mkono umeziba mdomo. Aligeuka akaenda kwa watu wake.

Asubuhi, saa moja, Mama Khisa akapiga. Nilikuwa sijalala. Nilishika simu nikijua nitasikia shukrani, na nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Leo hakurudi," akasema.

"Mama, nimeongea nao. Ameachishwa hiyo kazi. Atapumzika sasa."

Kwa nyuma nilisikia redio ya jirani.

"Ameachishwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilisema apunguziwe, mtoto wangu. Sikusema afukuzwe." Sauti ikaanza kumvunjika. "Alikuwa anakuja akiwa amechoka, sawa. Lakini alikuwa anakuja. Nilikuwa naamka namwekea chai. Nimekaa na hiyo chai mpaka imepoa, nikaipasha, ikapoa tena."

Sikujua mtu anaweza kukosea mara mbili kwa mtu mmoja hivyo, na mara zote mbili akitafuta nafuu yake mwenyewe.

Nikaenda ofisini Ruiru. Nikatoa ripoti ya usiku. Watu wote wa zamu hiyo walikuwa wametoka saa kumi na mbili asubuhi, mistari imekaa vizuri. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja hauna jina. Palipofaa kuwa na jina ni pengo. Kuingia, Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika mbili jioni. Kutoka... hakuna.

Nilimwonyesha Fahim, mkubwa wetu wa kiufundi. Hakushtuka. Akaniambia ni kawaida kabisa. Nimefuta mtu akiwa zamuni, sasa zamu imebaki bila mwenyewe, na mfumo hauwezi kumtoa mtu ambaye haumjui. Aliniuliza nani alinifundisha kazi chafu namna hiyo, kisha akasema nifute huo mstari. Ni sekunde mbili.

Sijaufuta. Nimejaribu kumwandika Khisa upya, na mfumo unampokea kama mtu mpya, hana uhusiano na ule mstari. Nimeweka kidole gumba changu mpaka ngozi imechubuka. Na nikifuta, yeye ataenda wapi? Pale ndipo mahali pekee anapojulikana kuwa yuko. Maggie anasema meza ya mwisho haifungi maboksi tena, lakini hakuna mtu anakubali kukaa hapo, kwa sababu ukikaa unasikia kifua kinakubana, kama mtu aliyevuta pumzi akakatazwa kuitoa. Huu ni mwezi wa sita tangu usiku ule. Masaa ya ule mstari yanaongezeka, mchana na usiku, Jumapili na sikukuu.

Juzi nilishindwa. Nilienda Makongeni nikamwambia Mama Khisa kila kitu. Sherehe, nywele, tumbo, kidole, mstari usio na jina. Niliongea nikiangalia sakafu. Nilikuwa nangoja anifukuze, na ningeenda, na pengine ningelala vizuri usiku huo.

Kikombe kilikuwa mezani, kimefunikwa na kisahani, mbele ya kile kiti.

"Kwa hivyo bado yuko kazini," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na atatoka saa ngapi?"

Nikamwambia sijui.