Majina Arobaini na Moja ya Ziani

Wewe umepita Ziani. Usiseme hukupita. Uliyaona malori yakimwaga kifusi majini mchana kweupe. Ukainamia simu yako. Ukasema moyoni, hilo lina wenyewe.

Ni kweli, lina wenyewe. Mmoja wao anaitwa Kadii. Sikiliza yaliyompata, kisha uniambie kama bado utainamia simu.

Kadii analima mboga huku Tezo, pwani ya Kilifi, yeye na mumewe Chengo. Shamba lao liko ukingoni mwa Ziani, lile ziwa dogo lenye matete na ndago. Wenye dharau huliita dimbwi. Kila alfajiri Kadii huchota maji kwa ndoo mbili, akanywesha mchicha na bamia. Jua likichomoza, wanawake wa sokoni huja kuchukua mafungu yao. Kisima cha nyumbani kwake kiko hatua hamsini kutoka ziwani. Maji yake hayana chumvi. Kwa ukame wa mwaka 2022, visima vingi vya huko juu vilikauka, na vingine vikatoa maji ya chumvi yasiyonyweka. Kisima cha Kadii kilipungua tu. Watu wakaja na madumu yao, naye hakumfukuza mtu.

Ukame ule ulimfundisha Kadii jambo jingine pia, na hilo ndilo lililokuja kumponza. Mahindi ya msaada yalipoletwa, majina yalisomwa kutoka kwenye orodha. Siku ya kuandikwa, Kadii alikuwa zahanati na mtoto mwenye homa. Jina lake halikuwamo. Alirudi nyumbani na gunia tupu begani, wenzake wakimtazama. Tangu siku hiyo akawa na msemo wake: jina lisiloandikwa halili. Ikija orodha, iwe ya vyandarua, ya mbegu au ya mbuzi wa mradi, yeye huwa wa kwanza. Na usimcheke. Aliyewahi kulaza watoto na njaa haiulizi orodha maswali.

Basi mwezi wa Januari akaja Garama. Garama ni mtu wa makamo, mzaliwa wa hapohapo, ila siku hizi huwatembelea wakubwa wa mjini zaidi kuliko anavyomtembelea mama yake. Alileta viti vya plastiki, mikate na soda. Akasema kuna tajiri ataleta maendeleo. Patajengwa godauni kubwa la kuweka mizigo, na uwanja wa kuegesha malori. Hakusema litajengwa juu ya nini. Watu wakala mkate. Kisha akatoa karatasi zenye mistari. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Juu ya karatasi hapakuandikwa kitu.

Kadii akaandika la kwanza. Kisha, kwa huruma yake, akapita nyumba hadi nyumba kuwaita waliobaki. Aliwakumbusha mahindi. Hawe Kabibi, bibi wa jirani ambaye kijiji kizima humwita hawe, hajui kuandika. Kadii alimshika dole gumba kwa mkono wake, akalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Jioni ile majina yalikuwa arobaini na moja.

Mahindi hayakuja. Yalikuja malori.

Siku ya kwanza yalikuwa sita. Yalirudi nyuma hadi ukingoni, yakainua mabodi, na mawe na udongo mwekundu vikaporomoka ndani ya matete. Vyura walitoka wakavuka barabara. Kadii aliacha ndoo zake akamwendea dereva. Dereva alimwamkia vizuri, akamwambia yeye ametumwa tu. Basi Kadii akamtafuta Garama, akamkuta amesimama kivulini mwa lori. Akamuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuzika ziwa.

Garama hata hakukunja uso. "Mbona mlikubali wenyewe, mama? Majina yenu ninayo. La kwanza ni lako."

Kadii alirudi nyumbani. Siku mbili hakumwambia Chengo. Alipika, alilima, alinyamaza. Chengo alidhani mkewe anaumwa, akamwachia nyama yote ya kwenye mchuzi, na hilo likamtia uchungu zaidi.

Siku ya tatu Chengo alikwenda dukani kwa Chirag kununua misumari ya banda la kuku. Chirag anauza saruji, mabati na misumari, na duka lile alilirithi kwa baba yake. Misumari alimfungia kwa kipande cha gazeti. Kadii alipoifungua, akalikunjua gazeti na kulipitisha kidole, kama afanyavyo kila apatapo maandishi. Kusoma amejifunza ukubwani, darasa la jioni, na hachezei alichokipata kwa shida. Gazeti lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza hajui. Lakini kidole kilifika mahali kikasimama. Tezo. Mbele kidogo, Ziani. Jina la mahali halina Kiingereza chake.

Ndipo akamweleza mumewe yote. Chengo akasema, "Kwa hiyo ile nyama nimekupa bure." Akavaa viatu, wakaenda pamoja kwa Jedida.

Jedida ni msaidizi wa sheria wa kijiji. Si wakili. Amefundishwa semina moja baada ya nyingine, naye husaidia watu kwa mambo ya mashamba na urithi. Kile kipande cha gazeti walichompelekea kilikuwa na tangazo la mradi, akalisoma mara mbili. Akawaeleza kwamba mtu hawezi kujenga kitu kama kile bila kibali cha mamlaka ya mazingira. Kabla ya kibali, ripoti hutolewa na umma hutangaziwa. Mwenye pingamizi huandika. Hapa wamepewa siku thelathini.

Akatazama tarehe ya juu ya gazeti. Akahesabu kwa vidole.

"Zimekwisha kumi na tisa. Tumebakiwa na kumi na moja."

Kadii akauliza, kwani kibali hakijatoka?

"Hakijatoka," Jedida akasema. "Malori yametangulizwa ili ukate tamaa. Ukiona limefukiwa, utasema kumekwisha, ukalale."

Chengo naye akauliza kwa nini watu wagombane kwa ajili ya dimbwi lenye mbu. Aliuliza kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, na Jedida akamjibu kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akikojoa kitandani, mkojo hauanguki sakafuni. Godoro huunywa. Ziwa lile na matete yake ni godoro. Mvua kubwa ikinyesha huyanywa maji, yasikimbilie nyumba za watu na barabara. Kisha huyaachia polepole chini ya ardhi, na hayo ndiyo yanayojaza visima. Huku pwani maji ya bahari yapo chini yetu yanangojea. Maji matamu yakiwa mengi, huyakalia yale ya chumvi yasipande. Maji matamu yakikosekana, chumvi huingia kisimani. Na mbu? Vyura na samaki wadogo wa Ziani hula viluwiluwi vya mbu. Ukifukia ziwa, si mbu unaowaua, unaua walaji wao.

Kesho yake asubuhi Kadii na Jedida walikwenda mjini Kilifi, kwenye ofisi ya mazingira, wakaomba kuisoma ripoti. Ni haki ya mtu yeyote. Waliketishwa, wakaletewa. Mwisho kabisa, baada ya ramani, palikuwa na zile karatasi za mistari. Kadii aliutambua mwandiko wake, ile K yenye mguu mrefu. Lakini sasa juu ya majina palikuwa na maneno yaliyopigwa chapa. Jedida akamsomea kwa Kiswahili: wakazi waliokubali mradi.

Kadii hakulia. Alimwomba karani kalamu, akaandika mkononi mwake nambari ya ripoti, ili isimpotee njiani.

Njiani Jedida alimweleza la kufanya. Barua ya pingamizi, iseme ziwa liko wapi, nani analitumia, na litakaloharibika. Pamoja nayo, hati ya kiapo kwamba ile orodha haikuwa na kichwa watu walipotia sahihi, na kichwa kiliongezwa baadaye. Na wale arobaini na moja watie sahihi tena, safari hii wakijua.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angewaendeaje? Ni yeye aliyewaita kwa Garama. Usiku akili yake ilimpa njia ya mkato: Jedida azungumze, yeye akae nyuma. Asubuhi akaikataa. Aliwakusanya uani kwake, akasimama mwenyewe, akawaambia kwamba orodha ile haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya kuuza maji yao, na yeye ndiye aliyewapeleka. Akasema ametubu, na sasa anaomba sahihi zao tena.

Watu walitazamana. Mmoja akasema yeye haandiki jina lake popote tena mpaka kiama. Mwingine akauliza kama safari hii kuna soda. Wakacheka, kicheko kibaya.

Hawe Kabibi alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Akainua mkono wake. "Kidole hiki ulikishika wewe, Kadii. Sasa umekuja kutaka na cha mkono wa pili?"

"Nimekuja kukirudishia heshima yake, hawe," Kadii akasema. "Na safari hii sikishiki. Utakibonyeza mwenyewe, ukitaka."

Bibi akaushusha mkono. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza Garama, na hata mimi na wewe tungekuwapo tusingemuuliza.

"Juu ya karatasi pameandikwa nini?"

Jedida akasoma: Sisi wakazi wa Ziani tunapinga kufukiwa kwa ziwa letu. Hawe akasema soma tena. Akasoma. Akasema mpe karatasi mtu mwingine asome, tuone kama maneno ni yaleyale. Chengo akasoma. Yalikuwa yaleyale. Ndipo bibi akanyoosha dole gumba, mwenyewe, akalibonyeza. Yule wa kiama akafuata, na wengine nyuma yake.

Kabla hawajatawanyika, Chirag alifika akiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alikuwa amesikia habari kwa Chengo. Alileta picha ya ukuta wa duka lake. Ukutani pana mstari mwekundu, kimo cha goti. Baba yake aliuchora mwaka 1997, mvua za El Niño, maji yalipofika hapo. Mimi mvua zile nazikumbuka, na kama una umri wangu nawe wazikumbuka, usijifanye umesahau.

"Mwaka ule Ziani ilikuwa wazi, na bado maji yalifika gotini," Chirag akasema. "Ikizibwa yatafika wapi, dada? Kifuani?" Akaomba naye atie sahihi, akatia, kisha wakapiga mstari chini ya jina la mwisho, asije mtu akaongeza jingine. Picha ikaambatishwa.

Siku ya ishirini na nane kati ya zile thelathini, barua ilikuwa tayari pamoja na hati ya kiapo, nakala mbili. Jedida alimwonya Kadii asitoke ofisini kabla nakala yake haijapigwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri, alisema, ni hadithi tu. Kadii alisimama dirishani mpaka muhuri ukagonga. Akaifunga nakala ile kwenye mfuko wa nailoni, akaifunga tena kwenye leso.

Wiki tatu baadaye maafisa walikuja Ziani. Walipima, walipiga picha, walimhoji Hawe Kabibi, naye akawahoji wao. Malori yakasimamishwa. Mwezi uliofuata jibu likaja kwa maandishi: kibali kimekataliwa, na mwenye mradi aondoe kifusi alichomwaga. Amekiondoa nusu. Nusu bado ipo pale, upande wa barabara, na Kadii ameshaandika barua ya pili. Ina muhuri.

Mvua za masika zikanyesha siku nne mfululizo. Ziwa likafura hadi kwenye matete ya juu, likatulia. Maji hayakugusa kizingiti cha Chirag. Kisima cha Kadii kimepanda mikono miwili, na maji ni matamu. Garama hupita asubuhi kumnunulia mama yake mchicha. Kadii humuuzia. Siku moja alimfungia mafungu mawili, akamwambia, "Hii haihitaji sahihi."

Na pale Ziani, ukija na orodha leo, hata ya vyandarua, utangoja. Watu watatu watasoma kwa sauti maneno ya juu kabla mtu hajashika kalamu. Hawe Kabibi ndiye mkali zaidi, na bado hajui kusoma.

Sasa nakurudia wewe. Kadii alikosea, akasimama mbele ya watu, akalirekebisha kosa lake. Wewe hukukosea. Ulipita tu. Lakini malori hupata njia kwa wapitaji kama wewe. Kwenu kuna kinamasi, kuna mikoko, kuna kiwanja cha watoto, na kuna mtu anayekitazama kwa jicho la Garama. Nenda leo kwenye ubao wa ofisi ya chifu, usome kila karatasi iliyobandikwa. Usiyoielewa, mpelekee anayeielewa. Hesabu siku zilizobaki. Andika barua, upigiwe muhuri. Na kabla hujaandika jina lako popote, uliza lile swali la hawe.

Kesho itakuwa siku moja imepungua. Funga kitabu. Inuka uende.