Kiti cha Dereva

Mwenye tumbo jepesi akae mbali kidogo, maana kisa hiki kinanuka.

Taa za breki za gari la shemeji zilikuwa zinawaka, na ndani ya gari hapakuwa na mtu. Fundi waya aliziona saa sita mchana, gereji imejaa jua na kelele za nyundo, wala hakushtuka. Mwanamke aliyekaa miaka kumi na mitano akikimbizana na umeme kwenye magari ya watu hashtushwi na taa.

"Shem, kruzi, ile ya kushika mwendo yenyewe, imekataa kabisa," shemeji alisema, akijikokota na goti lake bovu. "Naweka mwendo, inashika sekunde moja, inaachia. Na bila kruzi, mimi dada yako simfikishi."

Dada mtu alikuwa akienda kusafishwa damu kwa mashine hospitali, mwendo wa saa mbili kwa barabara kuu. Goti la shemeji likikanyaga mafuta nusu saa tu, basi, linavimba na kugoma. Mara mbili mfululizo mgonjwa alikosa mashine kwa sababu hiyo, na sasa uso wake ulikuwa umejaa maji. Leo ilikuwa lazima afike saa kumi.

"Usiwe na wasiwasi," fundi alimwambia. "Kruzi ikiona breki imekanyagwa, inajizima. Gari lako linadhani kuna mguu kwenye breki. Ni swichi tu imekufa."

Akachomeka mashine ya kupimia. Kioo chake kikaandika: breki imekanyagwa. Akabadilisha swichi. Breki imekanyagwa. Akaichomoa swichi yenyewe, waya zikabaki zinaning'inia. Breki imekanyagwa.

"Makubwa haya!" Akalala chali, kichwa chini ya usukani, tochi mdomoni.

Harufu ndiyo iliyompokea. Haikuwa ya panya aliyeoza, panya anamjua. Ilikuwa ya kidonda kilichofungwa kitambaa kikasahauliwa. Pedali ya breki ilikuwa imezama vidole viwili, peke yake, na juu ya mpira wake kulikuwa na ute wa manjano uliokuwa ukitambaa taratibu hadi ukingoni, ukavimba, ukamdondokea shavuni ukiwa wa vuguvugu, ukamchuruzikia hadi pembeni mwa mdomo, na alipoinua mkono aisukume ile pedali mkono ukakutana na kitu asichokiona, kitu laini kama mkate uliolowa, chenye vidole vitano, nacho kikatikisika kidogo kama mtu aliyetekenywa, ngozi yake ikabambuka ikabaki kiganjani mwake pamoja na ukucha mmoja mnene.

Alitoka humo akitapika. Alitapika chai, akatapika nyongo, akausugua mkono kwa petroli, kisha kwa sabuni ya unga, kisha tena kwa petroli.

Jirani yake, fundi viti, alikuja mbio na sindano yake ya kushonea, pua kaifunika kwa aproni. Yule bwana kwa kujifanya anajua, hajambo.

"Hilo jini," alinong'ona. "Jini halipimwi kwa mita, dada yangu, linaulizwa." Akainama mlangoni. "Ewe uliyekanyaga humo, unataka nini ili utoe mguu?"

Kikajibu kutoka chini ya dashibodi, sauti ya mtu mwenye makohozi tele: "Kiti."

Fundi viti alicheka kwa furaha. Neno hilo ndilo lililomlisha maisha yake yote. "Kiti tu? Kumbe! Bwana, mpe kiti chako, mimi nitakufungia kingine sasa hivi."

Shemeji akatazama saa. "Chukua kiti changu," akasema, "mradi mguu utoke kwenye breki."

Pedali ikapanda. Taa zikazima. Wakang'oa kiti cha dereva wakakitupa jalalani, wakafunga kingine, na fundi alipolizungusha gari barabarani kruzi ikashika vizuri kabisa. Ila harufu haikwisha. Alidhani ni mkono wake.

Shemeji alikwenda na gari nyumbani, na baada ya muda mfupi alirudi na mkewe kuaga. Akashuka, akatembea wima.

"Shem, goti limepona! Hata hiyo kruzi siitaki tena. Ona!" Akaikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia. Taa za breki zikawaka. Akakanyaga tena. Zikawaka tena. Kwenye matundu ya kamba za kiatu chake ulikuwa unachuruzika ute wa manjano, na vumbi lilipolowa inzi walikuwa wameshatua. Fundi aliziba mdomo.

Dada aliteremsha kioo, khanga puani. "Mdogo wangu, gari linanuka uvundo gani huu? Na mume wangu ananiambia eti mmempa jini kiti chake?"

"Tumekitupa, dada. Kiko jalalani."

"Mjinga wewe!" Sauti ya dada ilikatika. "Bibi yetu alipokuwa akipunga majini, kiti alikuwa akimwita nani? Si yule mtu anayekaliwa na jini..."

Shemeji alikuwa ameshaingia. Kioo kikapanda chenyewe. Fundi akarukia mlango, umefungwa, na dada yake ndani anakipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Gari likang'oka. Mbele kulikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko barabara kuu yenye malori.

Fundi alikimbia nyuma yao, kandambili zikimtoka miguuni, akilia, "Kanyaga breki, shemeji! Kanyaga!" Macho yake aliyakaza kwenye zile taa mbili alizohangaika nazo tangu saa sita ili zizime. Hazikuwaka.