Jina Lililokataa Kufutika

Asubuhi hiyo kiwanda kizima cha magodoro kilisimama kwa sababu ya neno moja.

Walioanza kulalamika ni watu wa mauzo. Kila wakifungua ukurasa wa oda, skrini inabaki nyeupe. Fundi wa mtandao, mwanamke mwenye miezi miwili tu kazini na asiyekuwa na subira na mtu yeyote kabla ya chai, akaketi kukagua seva ya majina. Kazi ya seva ile ni ndogo. Mtu akiandika jina la tovuti, yenyewe hutafuta namba ya jina hilo, kisha huitunza kwa muda kwenye kumbukumbu yake ili isihangaike kuuliza tena. Kila jina hupewa sekunde za kuishi. Zikiisha, jina linafutika.

Akapitisha macho kwenye orodha. Jina la benki, la barua pepe, la matokeo ya mpira. Kisha hili: nifungulie.

Hakuna tovuti ya jina hilo. Tena sekunde zake hazikuwa zikipungua. Zilikuwa zikiongezeka.

Akalifuta. Likarudi. Akatafuta ni kompyuta ipi inayoliuliza, akakuta swali linatoka ndani ya chumba cha seva, ambacho kilikuwa kimefungwa na ufunguo anao yeye mfukoni. Ndipo aliposikia harufu kali ya gesi, ile ya kuuma puani, ikipenya kutoka chini ya mlango wa chumba hicho.

Hasira zikampanda. Akaenda moja kwa moja kwa karani wa stoo, bingwa wa mizaha.

"Mzaha wako umenichosha," alisema, akamtupia karatasi yenye lile neno. "Nani kakuruhusu kuchezea seva yangu?"

Karani alisoma, asicheke. Akarudishia mlango wa stoo.

"Dada, punguza sauti. Hukuambiwa habari za fundi aliyekutangulia?"

"Niliambiwa moyo ulisimama."

"Ulisimama, ndiyo. Lakini meneja ndiye aliyemfungia mle. Mtandao ulikatika siku ya oda kubwa, akamwambia hutoki humo mpaka mtandao urudi, akaondoka na ufunguo. Gesi ya kuzimia moto ikafyatuka. Tulimsikia anabisha, dada. Sote tulimsikia."

"Na hamkuvunja mlango?"

Karani akatazama viatu vyake. "Meneja alisema atakayeugusa hana kazi. Sasa mlinzi anasema mle limeingia jini. Na mjane wake kila mwezi yuko getini kudai ukweli, na kila mwezi tunamfukuza."

Fundi akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Alipotoka alimkuta meneja mezani kwake, tumbo mbele, akigonga saa yake kwa kidole.

"Bado tu? Futa kila kitu, uwashe upya."

Fundi akafuta kumbukumbu yote. Orodha ikawa tupu, kwa pumzi moja tu, kisha majina yakaanza kurudi moja baada ya jingine, la benki, la barua pepe, la mpira, na kila moja limepewa namba ileile ya mashine iliyomo ndani ya kile chumba, na kila skrini ukumbini, kuanzia ya mapokezi hadi ya kule wanakokata sponji, ikaandika neno lilelile, na watu wakainuka vitini, kwa maana sasa kutoka ndani ya chumba kilichofungwa kulikuwa na mtu anabisha, polepole, kwa kiganja, kama aliyeishiwa nguvu.

Fundi akatoa ufunguo. "Anakuita wewe. Nenda ukamfungulie."

"Upuuzi mtupu," meneja alisema, akaupokonya. Alifungua, akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo, na ufunguo alioacha tunduni kwa nje ukajizungusha wenyewe.

Kule kubisha kukawa kwa meneja. Kulikuwa kwa ngumi, kwa mateke. Watu walisimama. Hakuna aliyesogea isipokuwa fundi, aliyeshika ufunguo bila kuuzungusha.

"Sema ulichomfanyia," alisema.

"Fungua, mama, nakuomba, kuna mtu humu..."

"Sema kwanza."

Kikohozi. Kisha sauti iliyopasuka: "Nilimfungia mimi. Nilimsikia anabisha nikaenda kula."

Fundi angeweza kumwacha. Alilitaka hilo, alilitaka hadi meno yakauma. Akazungusha ufunguo. Meneja akatoka akitambaa, na juu yake ukapita ubaridi uliomgusa kila mmoja begani, ukaelekea getini. Kwenye orodha, lile neno halikuwepo.

Karani, akilia, akatoa namba ya yule mjane. Fundi akampigia palepale, akamweleza yote bila kuficha, pamoja na maneno ya meneja na waliosikia. Mjane alipojibu, alinong'ona.

"Mwanangu, kuna mtu mlangoni kwangu. Anabisha anavyobisha mume wangu. Ni yeye, au ni kitu kilichokaa naye mle ndani?"

"Mama, usifungue kwanza."

"Miezi yote hii," alisema mjane, na hasira ikaimeza hofu yake, "wote mlimwachia mlango umefungwa."

Fundi akasikia komeo likivutwa.